Mashine Iliyopima Shibe

Saa sita na robo mchana, sahani mia sita na kumi na mbili ziliwaka taa ndogo za kijani kwa wakati mmoja katika bwalo la Shule ya Msingi Rejea, jijini Dodoma, na watoto wakaanza kula. Chini ya kila sahani kulikuwa na mzani mwembamba kama karatasi. Kwenye ukingo wake kulikuwa na jicho dogo kuliko punje ya mtama, lililoona ni chakula gani kimeanza kuliwa, kipi kimesukumwa pembeni, na mkono umepumzika mara ngapi kabla ya kurudi sahanini. Wahandisi waliziita sahani-pima. Watoto, ambao hawakosi jina la kila kitu, waliziita sahani mbea, kwa sababu hazikuweza kuficha jambo.

Umbea wote huo ulipelekwa kwa Kadiri. Kadiri ilikuwa akili mnemba iliyoendesha jiko la Rejea, na kazi yake ungeweza kumweleza mtoto wa chekechea akaielewa. Aliyekomba sahani leo, kesho aliongezewa gramu chache. Aliyebakiza leo, kesho alipunguziwa gramu chache. Hivyo, siku hadi siku, kila mtoto alifikishwa kwenye kipimo chake, na jiko likapika kile tu ambacho kingeliwa. Wapakuzi sita wa chuma walining'inia kwenye reli juu ya meza, wakishusha ugali, maharage na mchicha mbele ya kila mtoto kwa usahihi ambao hakuna mpishi wa kibinadamu angeuweza.

Ukutani, juu ya mlango wa jiko, palikuwa na tarakimu kubwa ambazo shule nzima ilizitazama kila mchana kama watu wanavyotazama ubao wa magoli. Hizo zilikuwa gramu za mabaki. Mwaka mmoja nyuma Rejea ilikuwa ikitupa kilo arobaini na moja kwa siku. Jumanne hiyo ya mwezi Machi, mwaka 2094, taa za sahani zilipozimika, ukuta ulisoma gramu mia mbili na kumi na nne. Watoto wakapiga makofi. Mhandisi Sechelela Chidawali, aliyebuni Kadiri na sahani zake, alikuwa amesimama karibu na mlango, na ingawa alijitahidi kuonekana mtu aliyezoea, uso ulimsaliti.

Shule yenyewe ilistahili jina lake, maana karibu kila kilichoingia kilirejea kutumika. Maji ya kunawia mikono yalichujwa yakaenda bustanini, na mchicha wa bustani ukaenda jikoni. Vyoo na mabaki vililisha pipa kubwa lililofukiwa nyuma ya madarasa, ambalo lilitoa gesi ya kupikia, na ambalo watoto waliliita tumbo la shule. Korido zilitandikwa sakafu-mapigo, aina ya sakafu iliyogeuza kishindo cha miguu kuwa umeme, kwa hiyo Rejea ilikuwa shule ya ajabu ambako mwalimu angeweza kumgombeza mtoto kwa kutembea polepole. Kila mwanafunzi alikuwa na zamu: kumwagilia, kufuta vigae-jua, kukagua mabomba. Asubuhi kwenye mstari, kiranja wa mabaki alisoma gramu za jana, na shule nzima ikaitikia kwa sauti moja, "Kilichopo kinatosha, tukikitunza."

Hakuna aliyelichukulia hilo kama mchezo. Kila mtu mzima aliyefikisha miaka thelathini aliikumbuka Miaka ya Vumbi, ile saba ambayo mvua iligoma kabisa, na vijiji vizima vikafunga virago na kuja mjini kwa miguu. Nchi iliyopitia hayo haihitaji kubembelezwa ili itunze chakula.

Ijumaa ya wiki hiyo wakaguzi wangekuja. Shule ambayo mabaki yake hayajazidi gramu mia mbili na hamsini kwa siku thelathini mfululizo ilipewa Cheti cha Sufuri, na mtambo wake ungesimikwa katika shule nyingine elfu nne. Rejea ilikuwa imefikisha siku ishirini na saba. Sechelela alikuwa ameisubiri Ijumaa hiyo kwa miaka sita, miaka ambayo ilimla likizo, ikamla mchumba mmoja, na ikampa mvi tatu ambazo alizing'oa na zikarudi.

Kiranja wa mabaki mwaka huo alikuwa Nyemo, msichana wa miaka tisa, darasa la tatu. Kazi yake baada ya chakula ilikuwa kubeba ndoo ya mabaki hadi kwenye tumbo la shule. Aliipenda kazi hiyo na hakuwahi kuikosa hata siku moja. Jumanne hiyo, akiwa katikati ya korido na ndoo mkononi, alisimama, akashika ukuta, kisha akaanguka. Ndoo aliyokuwa ameibeba ilikuwa na gramu mia mbili na kumi na nne tu, uzito wa kikombe cha chai. Sakafu-mapigo ilitambua kishindo kisicho cha hatua, ikamwita muuguzi.

Muuguzi alimpima presha, akamchoma kidole kupata tone la damu, akamweka kwenye mzani. Kisha akamwita Sechelela ofisini kwake, akafunga mlango na kumwambia kwamba mtoto yule ana njaa. Sechelela alidhani hakusikia vizuri. Muuguzi akarudia: tangu alipopimwa mwezi Januari, Nyemo alikuwa amepungua kilo tatu na nusu, na damu yake ilikuwa ya mtu asiyekula.

Sechelela akasema, kwa upole wa mtu mwenye ushahidi, kwamba haiwezekani. Kama kuna jambo moja analolijua kuhusu kila mtoto wa shule hii, ni kile alichokula. Muuguzi hakubishana naye. Alimwambia tu akaangalie.

Hapa inafaa kueleza kwa nini Kadiri haikujua. Sheria iliweka habari za mwili wa mtoto mikononi mwa zahanati ya shule peke yake, na mtambo wowote wa shule ulikatazwa kuzigusa. Sheria hiyo ilikuwa nzuri na ilitungwa kwa sababu nzuri. Lakini matokeo yake Kadiri ilijua sahani ya Nyemo na haikumjua Nyemo. Zahanati nayo iliwapima watoto mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni.

Sechelela akaenda kwenye chumba cha mitambo nyuma ya jiko, akafungua kumbukumbu za sahani ya Nyemo. Mchoro ulijitokeza ukutani, mstari mmoja ukishuka kutoka kushoto kwenda kulia bila kuyumba. Siku ya kwanza ya muhula, Nyemo alipakuliwa gramu mia nne na ishirini. Akala akabakiza tonge moja. Kesho yake akapunguziwa kidogo, akala, akabakiza tonge moja. Kesho kutwa vivyo hivyo. Uji wa saa nne ulifuata njia hiyo hiyo. Kwa siku hamsini na nane za masomo hakuwahi kumaliza sahani hata mara moja, na kuanzia wiki ya sita akawa anabakiza matonge mawili. Mchana huo wa Jumanne alikuwa amepewa gramu tisini na sita. Pembeni ya kila siku Kadiri iliandika maneno yale yale: ameshiba, kipimo kimerekebishwa.

Sechelela aliyasoma mara hamsini na nane. Alijua sababu ya mstari ule kushuka kabla hajaifikiria. Mwanzoni mtambo ulikuwa na kikomo. Hakuna mtoto wa darasa la tatu aliyeweza kushushwa chini ya gramu mia tatu, hata angebakiza vipi. Mwezi Februari, mabaki yalipokwama kwenye kilo mbili na kukataa kushuka, Sechelela alichunguza akaona ni hicho kikomo kinachowalazimisha watoto wachache kupewa chakula wasichokimaliza. Alikiondoa. Hakukutana na mtu wala kuomba kibali, maana ilikuwa ni kufuta mstari mmoja. Siku nane baadaye ukuta ulisoma gramu mia mbili na arobaini, na yeye akawanunulia walimu soda.

Akaiuliza Kadiri ni watoto wangapi wanapata chini ya kile kikomo cha zamani. Jibu lilikuja mara moja: arobaini na mmoja. Akauliza wanakaa wapi. Thelathini na wanane walitoka mtaa mmoja, Kambini.

Alimkuta Bi. Nakiete kwenye ghala akikagua maharage. Mama huyu wa Kipare alikuwa mpishi mkuu wa Rejea kabla ya wapakuzi wa chuma, na sasa alibaki na cheo cha msimamizi wa jiko, maana yake aliangalia mashine zikifanya kazi aliyoipenda. Sechelela alimwamkia, akamwonyesha majina yale kwenye kishikwambi chake. Bi. Nakiete aliyasoma polepole hadi mwisho.

"Hawa ni watoto wa Kambini," alisema.

"Ndiyo mama. Hawamalizi chakula. Nataka kujua kwa nini."

"Mwanangu, nilikwambia kwa nini. Nilikwambia kwenye kile kikao cha kwanza, ukaandika."

Sechelela hakukumbuka. Bi. Nakiete hakuonekana kushangaa, akakaa juu ya gunia na kumweleza tena. Katika Miaka ya Vumbi, watu walipokuwa wakiingia mjini kwa makundi na kupokelewa pale Kambini, chakula kilipakuliwa mara moja tu kwa siku. Lakini kila wakati kulikuwa na watu ambao bado wako njiani, mzee aliyechoka, mama mwenye mtoto mgongoni, na hao walifika sufuria likiwa limeoshwa. Kwa hiyo watu wa Kambini wakajiwekea utaratibu. Kila anayekula anabakiza tonge moja, hata kama amelala njaa jana yake. Matonge yanakusanywa kwenye sahani moja, nayo inafunikwa kumsubiri wa njiani. Watu wengi walio hai leo mtaani pale waliokolewa na sahani hiyo. Mvua zilirudi, kambi ikawa mtaa wenye nyumba na taa, lakini adabu ilibaki. Mtoto wa Kambini anayemaliza chakula chote anaonekana hakulelewa.

"Zamani nikiwa napika mimi," Bi. Nakiete alisema, "nilikuwa nayakusanya. Nikiweka pale kwenye kaunta, nusu saa haipiti, mlinzi amekula, au mtoto aliyechelewa amekula. Halikuwa linatupwa hata tonge. Ulipokuja na sahani zako ukasema tusiziguse, zinajipeleka zenyewe kuoshwa. Basi, hatukuzigusa."

Sechelela alifungua kumbukumbu za kikao kile cha miaka miwili iliyopita. Maneno ya Bi. Nakiete yalikuwapo, yameandikwa kwa mkono wa Sechelela mwenyewe, mstari mmoja na nusu. Mbele yake alikuwa ameandika: mazoea, yatakwisha yenyewe. Yeye alikulia ghorofani katikati ya jiji, katika familia ambayo Miaka ya Vumbi iliwafikia kwa njia ya redio na mgao wa maji. Hakuwahi kumsubiri mtu wa njiani. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu yule mama hakumlaumu.

Asubuhi ya Jumatano alimweleza mwalimu mkuu. Mwalimu Ndahani alikuwa mtu mwema, mwenye kusikiliza hadi mwisho. Alifuta miwani, akatembea hadi dirishani, akarudi. Akakubali kwamba watoto lazima walishwe, na walishwe leo hii. Lakini kikomo kikirudishwa leo, mabaki yatapanda leo, na siku ishirini na saba zitakuwa zimepotea. Akapendekeza njia nyingine. Watoto arobaini na mmoja waitwe zahanati kila siku saa saba, kwa kisingizio cha kupewa vitamini, walishwe huko kwenye sahani za kawaida mpaka washibe. Bwaloni kila kitu kiendelee kama kilivyo. Ijumaa wakaguzi waje, cheti kitolewe, na Jumatatu Sechelela arekebishe mtambo kwa raha zake, kabla haujapelekwa popote.

"Hakuna mtoto atakayelala njaa," alisema. "Na shule elfu nne zitapata kitu kizuri. Niambie nani anaumia hapo."

Sechelela alitafuta anayeumia na hakumpata. Ukweli ni kwamba alifarijika. Alimwambia Mwalimu Ndahani kwamba huenda hiyo ndiyo njia, akatoka kwenda kumwona Nyemo zahanati akiwa amejipangia maneno ya kumwambia.

Nyemo alikuwa ameketi kitandani, shuka hadi kiunoni, akinywa uji wa ulezi. Kando yake alikuwa bibi yake, Bibi Mayega, ambaye ndiye aliyemlea. Sechelela akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti. Alianza kueleza kwamba palitokea hitilafu ndogo kwenye mashine. Bibi alisikiliza, kisha akasema kwamba jioni mtoto akirudi nyumbani alikuwa anakula sana, na yeye akafurahi. Alidhani anarefuka.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kubakiza," Bibi Mayega alisema. "Nilimwambia, ukibakiza kuna mtu atashiba. Sikujua kuna kitu kitaona amebakiza kikampunguzia."

Sechelela akaweka pembeni maneno aliyokuwa amejipangia. Akamgeukia Nyemo, akamuuliza swali ambalo lilikuwa limemkera tangu jana mbele ya ule mchoro. Tonge moja alilielewa sasa. Lakini kwa nini tangu wiki ya sita akaanza kubakiza mawili, wakati chakula chenyewe kilikuwa kidogo vile?

Nyemo alimtazama bibi yake kwanza. Bibi akamwashiria aseme.

"Niliona chakula kinapungua," Nyemo alisema. "Kila siku kinapungua. Nikajua shule imeishiwa."

"Kwa nini hukumwambia mwalimu?"

"Mwalimu angefanya nini, kama kimeisha? Kila asubuhi tunasema kilichopo kinatosha. Nikaona mimi ni kiranja, nibakize zaidi ili wengine wapate. Ndoo inalisha tumbo la shule, na tumbo ndilo linatupikia wote. Na nilikuwa naona kwenye ndoo, Mhandisi. Mabaki yanapungua kila siku. Nikajua watu wana njaa, wanakomba. Nikasema labda nikibakiza mawili, kesho yatatosha."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya zamu.  Sechelela akaiona sasa ile miezi yote jinsi ilivyokuwa. Kadiri ilimpunguzia mtoto kwa kudhani ameshiba, na mtoto akaipunguzia Kadiri mzigo kwa kudhani imeishiwa. Kila mmoja alikuwa akimwachia mwenzake, kila siku kidogo zaidi, na ukuta ukawa unasoma ushindi. Shule ilikuwa imemfundisha Nyemo somo lake, naye alilielewa kuliko wote.

Akamwambia Nyemo kwamba chakula hakijaisha, na hakikuwahi kuisha. Ghala limejaa. Nyemo akauliza kama ni kweli. Sechelela akasema ni kweli, na akamwona mtoto akilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyejua kwamba alijinyima bure. Hapo ndipo mhandisi alipolia, na Bibi Mayega akaangalia pembeni ili asimwongezee aibu.

Aliporudi kwenye chumba cha mitambo, hakupita kwa mwalimu mkuu. Alikirudisha kikomo. Kisha akaendelea, akaizima kabisa ile sehemu ya Kadiri iliyoamua nani apewe kiasi gani. Mchana huo ukuta ulisoma kilo kumi na mbili. Watoto hawakupiga makofi. Wengine waligeuka wakamtazama, kama vile amevunja kitu chao.

Ijumaa wakaguzi walikuja watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mrefu mwenye kalamu mbili. Walipoiona tarakimu ukutani wakadhani kifaa kimeharibika. Sechelela akawaambia kifaa ni kizima, akawasimulia yote: kikomo alichokiondoa, mstari mmoja na nusu alioudharau, watoto arobaini na mmoja, kilo tatu na nusu. Mwalimu Ndahani alisimama kando yake akitazama viatu vyake. Mama mwenye kalamu mbili aliandika kwa muda, kisha akauliza kama jambo hilo lingeweza kugunduliwa na ukaguzi wao. Sechelela akasema hapana. Wangeona gramu mia mbili na wangepongeza, na katika shule elfu nne kuna mitaa mingine mingi yenye adabu zake ambazo hakuna aliyeziandika.

Cheti hakikutolewa. Mpango wa shule elfu nne ukasimamishwa, na Sechelela akaruhusiwa kubaki Rejea, akapewa barua fupi iliyomtaka aandike maelezo. Mwalimu Ndahani alipitisha wiki nzima bila kumwambia neno zaidi ya salamu. Kadiri iliendelea kusimamia maji, gesi na umeme, kazi ambazo iliziweza vizuri na ambazo hazikuwa na adabu za nyumbani ndani yake.

Nyemo alirudi darasani Jumatatu ya wiki iliyofuata. Siku hiyo masufuria yalirudi mezani. Bi. Nakiete alisimama nyuma ya lile kubwa kuliko yote akiwa na mwiko mkononi na aproni mpya, akipakua kwa macho, na wapakuzi wa chuma wakining'inia juu yake bila kazi. Sechelela naye hakukata tamaa na vipimo. Mhandisi ni mhandisi. Alikuwa ameamua kwamba kosa lake lilikuwa kuitegemea sahani badala ya kumuuliza mtoto. Kwa hiyo alipita meza hadi meza na daftari, akiinama kwa kila mmoja na kumuuliza kwa upole kama ameshiba. Watoto walijibu vizuri. Alipofika meza ya nane alikuwa ameandika majina sitini na manne, na mbele ya kila jina ndiyo. Alianza kuona njia ya kuligeuza hilo kuwa utaratibu mzuri wa kila siku.

Akafika kwa Nyemo. Mtoto alikuwa amekula kiasi, mikono ameirudisha mapajani.

"Umeshiba, Nyemo?"

"Nimeshiba, Mhandisi. Asante."

Sechelela aliandika ndiyo. Alipoinua kichwa, akaona macho ya Nyemo yametoka kwake yakaenda kwenye sufuria, yakarudi haraka. Akaisimamisha kalamu. Bi. Nakiete, aliyekuwa amefuata nyuma yake na bakuli la ugali, alikuwa ameona pia.

"Nani alikufundisha kumuuliza mtoto wa watu kama ameshiba?" Bi. Nakiete alimuuliza kwa sauti ya chini. "Mtoto aliyelelewa ana jibu moja tu la swali hilo."

Sechelela aliyatazama majina yake, sasa sitini na matano. Miaka sita, na sahani zote zile, na jicho katika kila sahani, vilikuwa njia ya kuuliza swali hilo hilo. Alifunga daftari, akaliweka mfukoni.

"Nifanyeje, mama?"

"Kaa ule."

Akavuta benchi, akaketi kando ya Nyemo. Bi. Nakiete akamletea sahani, akampakulia, na katika mwendo huo huo, bila kuuliza, akaongeza ugali na maharage kwenye sahani ya mtoto. Sechelela alikuwa amekwisha kula ofisini na hakuwa na njaa hata kidogo. Akanawa, akamega, akala. Nyemo alisubiri kidogo, kisha naye akamega, maana si heshima kumwacha mkubwa ale peke yake. Walikula polepole, wakizungumza habari za tumbo la shule na harufu yake siku za jua kali. Kila alipoona mkono wa mtoto unaanza kupumzika, Sechelela alimega tena, na mkono ule ukarudi sahanini. Meza nyingine zikaondoka. Kengele ya vipindi vya mchana ikalia, na mwalimu wa darasa la tatu akachungulia mlangoni, akaona, akaondoka bila kuita. Tumbo la Sechelela lilikuwa linamuuma kwa kushiba. Aliendelea kula mpaka Nyemo alipojiegemeza nyuma mwenyewe, akashusha pumzi, akaomba maji ya kunawa.

Walikuwa wa mwisho kutoka bwaloni.